Simba wa Kitengela Hakutoroka Popote

Kila baada ya miezi kadhaa video ile ile inarudi kwa simu yangu. Simba anatembea usiku kando ya ukuta wa mtaa fulani, taa za gari zimemmulika mgongoni, mtu ndani ya gari ananong'ona "woi, woi", na juu kuna maandishi mekundu: SIMBA AMETOROKA MBUGANI. Nimetumiwa na binamu zangu, nimetumiwa na watu tuliosoma nao, hata mathe amenitumia, na yeye huongeza swali moja tu: "Umefunga geti?"

Mimi nimelelewa Kitengela. Nilikuja nikiwa darasa la pili, wakati wazazi wangu walichoka kulipa kodi Nairobi na wakanunua ile ploti ya hamsini kwa mia ambayo kila mfanyakazi wa nchi hii anaiota. Kwa hivyo hiyo video huwa siiangalii kama mtu wa mbali. Naangalia ukuta kwanza, nione kama naujua.

Lakini kuna neno moja pale ambalo limenisumbua mwaka huu wote. Ametoroka. Kutoroka ni mpaka uwe ulifungiwa. Na Mbuga ya Nairobi haijafungwa. Ina fensi pande tatu, zile zinazotazama jiji. Upande wa kusini, huku kwetu, kuna Mto Mbagathi tu, na simba anauvuka huo mto bila hata kulowa tumbo wakati wa kiangazi. Upande huo uliachwa wazi, na ulikuwa na sababu. Sikuijua hiyo sababu hadi chama cha mamangu kilipoamua kuweka fensi.

Nieleze. Mathe na wenzake kumi na saba wana ekari tano huko mbele, upande wa Isinya. Walichanga miaka, mia tano mia tano, wakanunua. Hakuna kitu pale, ni nyasi, miiba na mawe. Mwaka huu wakasema wakati umefika wa kuweka nguzo na seng'enge, kwa sababu shamba bila fensi Kajiado ni mwaliko kwa matapeli. Na kwa sababu mimi ndiye "yule kijana wa mambo ya simu", nikaambiwa niandike ujumbe wa kuchangisha pesa. Nikaenda kuliona shamba kwanza, nipige picha. Nikakuta pundamilia. Siyo wengi, labda kumi na wawili, katikati ya shamba letu, wametulia kabisa kama watu wenye hatimiliki.

Sikuandika ule ujumbe siku hiyo. Nilianza kusoma. Nikamtafuta pia mzee mmoja jirani wa shamba, Mmaasai ambaye amekaa hapo tangu kabla Kitengela iwe na hata duka la M-Pesa, nikamuuliza maswali mpaka akaniuliza kama natafuta kura.

Sasa haya ndiyo niliyopata, na naomba mnivumilie kwa sababu hii historia ni ndefu kuliko barabara ya Namanga.

Nchi hii yote, kuanzia mpaka wa mbuga kushuka hadi mbele ya Isinya, kutoka milima ya Ngong hadi kupita barabara ya Mombasa, ni uwanda mmoja. Vitabu vinauita Athi-Kaputiei. Athi mnaijua, ni mto. Kaputiei ni jina la watu: Ilkaputiei, moja ya sehemu za Wamaasai, na uwanda ulikuwa malisho yao. Chini kuna mwamba wa volkano, na juu yake ule udongo mweusi unaokula viatu vyetu kila Aprili. Nyinyi mnaolalamikia matope ya Kitengela, huo udongo ndio ulifanya mahali hapa pawe na wanyama. Miti mikubwa haiupendi. Nyasi zinaupenda. Pia kuna kale kamgunga kafupi chenye vinundu vyeusi kwa miiba, ambamo chungu wanaishi. Chungu hutoboa matundu kwenye vinundu, na upepo ukipita vinapiga mluzi. Nilikuwa naisikia hiyo sauti nikiwa mtoto nikidhani ni waya za stima.

Wanyama walikuwa wanatembea kwa mpango. Mvua ikinyesha, nyumbu, hao hao wa Mara mnaowaona wakivuka mto kwenye televisheni, walishuka kusini kwenye uwanda ulio wazi, mahali nyasi ni fupi na zina madini wanayohitaji wakizaa na kunyonyesha. Tena walizalia mahali pa wazi, adui aonekane kutoka mbali. Kiangazi kikikaza, walipanda tena kaskazini kutafuta maji ya kudumu, yaani pale ambapo leo ni mbuga, na zamani hata pale ambapo leo ni jiji. Enkare Nairobi, maji baridi, si jina la mtaa, ni maelezo ya mahali pa kunywa. Simba walifuata nyumbu, na fisi walifuata wote. Hiyo ndiyo sababu upande wa kusini uliachwa wazi. Mbuga ya Nairobi ina kilomita 117 za mraba tu. Ilikuwa kisima cha kiangazi. Shamba lenyewe lilikuwa huku.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shule, na ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi nzima. Nyumbu huzaa kwa pamoja, karibu wote ndani ya wiki chache, hapa kwetu kama Februari na Machi. Na ndama wa nyumbu hubeba kirusi ambacho hakimdhuru yeye wala mamake, lakini ng'ombe akikipata, karibu kila mara anakufa. Hakuna tiba. Wamaasai walilijua hili vizazi vingi kabla ya daktari yeyote wa mifugo kufika na darubini. Kwa hivyo walifanya nini? Waliwapisha. Majuma hayo ya kuzaa, mtu alihamisha ng'ombe wake mbali, akaacha nyasi nzuri kabisa za uwanda zikaliwa na nyumbu, akarudi baadaye ndama wakikua.

Mzee aliniambia hivi, na alikuwa anacheka: "Kijana, watu wanasema sisi tulipenda wanyama. Sisi tuliogopa wanyama, na tulikuwa na mahali pa kwenda."

Nimeirudia hiyo sentensi kichwani mara nyingi. Tulikuwa na mahali pa kwenda. Hakusema ni mila, wala hakusema Mmaasai na simba ni ndugu, kama matangazo ya utalii yanavyopenda. Alisema ni nafasi. Ukiwa na uwanda mzima unaweza kumpisha mnyama anayekuua ng'ombe. Ukiwa na ekari sitini zenye mipaka, utampisha uende wapi?

Nafasi yenyewe ilianza kupungua kitambo. Miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe ilipita Umaasaini ikafagia mifugo, ikafuatwa na ndui na ukame. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Wageni waliposhuka waliona nyasi, wanyama, na watu wachache mno. Wakaandika kwamba nchi ni tupu. Haikuwa tupu, ilikuwa imefiwa. Mkataba wa 1904 ukawasukuma Wamaasai kwenye hifadhi mbili, Laikipia na kusini. Ule wa 1911 ukawaondoa hata Laikipia, wote wakarundikwa kusini. Walienda mahakamani 1913, na kesi ikatupwa.

Katikati ya hayo, 1909, aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipanda treni Mombasa, akaketi mbele kabisa ya injini kwenye kiti alichowekewa, akapita uwanda huu akitazama wanyama kushoto na kulia, akashuka kituo cha Kapiti Plains kuanza safari yake ya kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512 katika safari yote. Mia tano na kumi na wawili, watu wawili. Nasema hivyo tu kwa sababu tunapenda sana kusema mwanakijiji na mkuki wake ndiye alimaliza wanyama.

Mwaka huo huo wa 1909 alizaliwa Nairobi mtoto wa walowezi, Mervyn Cowie, ambaye alikuja kuwa mhasibu, na akachukia kuona wanyama wa utotoni mwake wakipungua. Alipiga kelele miaka ya 1930, serikali haikusikia. Basi akafanya kitu ambacho leo tungekiita kutega. Aliandika barua kwa gazeti la East African Standard, akajificha nyuma ya jina la "Old Settler", yaani mlowezi mkongwe, akapendekeza wanyama wote wauawe ili wakulima wapumue. Watu wakawaka. Barua za hasira zikamiminika, serikali ikalazimika kuunda kamati. Yaani huyu jamaa aligundua kwamba hasira husambaa kuliko hoja, na hakuwa hata na simu.

Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa Desemba 1946, ya kwanza Kenya. Nampa Cowie sifa zake, bila yeye pale pangekuwa mtaa. Lakini waliokuwa wakichunga pale walitolewa, na ramani iliyochorwa ilizunguka kisima ikaacha shamba. Waliochora waliamini shamba halitaenda popote. Kusini ni kwa Wamaasai, na Wamaasai hawajengi, basi wanyama watapata pa kupita milele. Ndiyo mpango ulivyokuwa: kuhifadhi wanyama kwa kutegemea kwamba jirani hatabadilika.

Jirani alibadilika, kama mtu yeyote.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ilifanya malisho yawe ranchi za vikundi, kila kundi na hati moja. Kitengela ikawa moja wapo. Lakini watu waliona jinsi ardhi ya pamoja inavyoliwa na wajanja, wakataka kila mtu kipande chake mkononi. Mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa. Miaka miwili baadaye, 1990, serikali ikaanzisha eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River, yale tunayaita EPZ. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala ambapo si ghali. Mbele yao kulikuwa na ardhi iliyotoka kugawanywa, yenye hati za mtu mmoja mmoja. Haikuhitaji mpango mbaya wa mtu yeyote. Ploti ikakatwa kutoka ekari sitini, kisha ploti kutoka ploti.

Hapo ndipo huwa nagombana na marafiki zangu wa mjini ambao hupenda kusema "Wamaasai waliuza ardhi ya babu zao". Sawa, waliuza. Nani alinunua? Babangu alinunua. Na hebu tuongee hesabu kidogo. Tangu 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya, na mimi siombi urudi. Ila ina maana kwamba pundamilia anayekula nyasi zako ni mali ya serikali, nyasi ni zako, na hupati kitu. Simba akikula ng'ombe wako unajaza fomu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela wasiweke fensi wala kuuza: dola nne kwa ekari kwa mwaka, zikigawanywa mara tatu ili zilingane na karo ya muhula. Wazo zuri, na mzee anasema lilimsomeshea mtoto. Lakini dola nne, wasee. Broka anakuja na bei ya ekari moja inayojenga nyumba nzima. Nani kati yetu angekataa?

Nyumbu walilipa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege za kuhesabu wanyama zilikuta nyumbu karibu elfu thelathini kwenye uwanda huu. Kufikia miaka ya 2010 walikuwa wamebaki maelfu machache, na wanaofika mbugani kiangazi ni wachache kiasi kwamba uhamaji wenyewe umekufa. Siyo uwindaji pekee na siyo ukame pekee, ingawa ule wa 2009 uliua sana, ng'ombe na wanyamapori kwa pamoja. Ni waya. Nyumbu wanatembea kwa kundi na kwa mazoea. Wakikutana na seng'enge wanageuka, wakigeuka wanakutana na nyingine. Kenya nzima iko hivyo, wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, lakini sisi tuna sifa ya kufanya haya tukionekana kutoka kwa madirisha ya jiji.

Na simba? Simba aliyekuwa akila nyumbu sasa anapita njia ile ile ya mababu zake, hakuti nyumbu, anakuta mbuzi. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuingia kwa boma na kula mifugo. Machi 30, 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk, maarufu kwa watalii kwa zile nywele zake, alifika karibu na Isinya mchana. Umati ukamzunguka, wengine wakipiga picha, wengine wakipiga mawe, akamjeruhi mtu, askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Mwezi mmoja baadaye, ndani ya mbuga aliyotoka, tulichoma tani 105 za pembe za ndovu dunia yote ikitazama. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka moshi kwenye taarifa. Mohawk nakumbuka kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa na video.

Kuna mmoja wetu alifanya kitu, lazima nimtaje. Richard Turere, kijana aliyekulia hapa hapa ukingoni mwa mbuga, alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa babake usiku. Alijaribu moto, akajaribu sanamu, simba wakazoea. Usiku mmoja akiwa anazunguka na tochi akagundua simba wanaogopa taa inayotembea. Akachukua betri ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi na kile kidude cha pikipiki kinachofanya indiketa iwake na kuzima, akatengeneza taa zinazozunguka boma zenyewe. Hakuwa amefika hata kidato cha kwanza. Mwaka 2013 alisimama jukwaa la TED California akaeleza. Boma nyingi zina hizo taa leo. Ila angalia vizuri: taa zinamlinda ng'ombe na zinamlinda simba, lakini hazimrudishi nyumbu.

Kuna wanaofaidika na mambo mapya, nisidanganye. Yale mandege makubwa yenye mfuko shingoni yanayokaa kwenye miti ya Nyayo yanakula takataka zetu na yamenenepa. Vifaru weusi ndani ya mbuga wamezaana vizuri, kwa sababu kifaru anaweza kuishi ndani ya fensi akilindwa. Basi mbuga inaendelea kuwa na vifaru, na watalii wanapiga picha na maghorofa nyuma. Tangu 2019 treni ya Naivasha pia inapita juu ya mbuga, kwenye nguzo, twiga wakiwa chini. Mwaka 2020 mpango wa usimamizi ukapendekeza fensi hata upande wa kusini, watu wakapinga. Siku ikiwekwa, lile neno "ametoroka" litakuwa sahihi kwa mara ya kwanza.

Mkutano wa chama ulikuwa Jumapili. Niliomba dakika kumi, nikaongea yote haya, nikaonyesha picha za pundamilia. Walinisikiliza kwa heshima ya watu wanaomjua mamako. Kisha mweka hazina, ambaye humuita mathe dada ingawa si ndugu, akaniuliza: "Kijana wangu, tukiacha wazi, na siku moja tupate mtu amejenga hapo na ana karatasi, pundamilia watakuja kutoa ushahidi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Bado sina. Nilisema tungeweza kuweka nguzo za alama kwenye kona bila waya, tukajiunga na majirani ambao hawajafunga. Mwenyekiti akasema ni wazo la vijana, ambayo ni njia ya kusema hapana.

Kura: kumi na moja kwa saba. Mathe alipigia fensi. Tukirudi nyumbani hakusema kitu mpaka tukafika stejini, halafu akaniambia, "Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwa ajili ya hiyo ekari. Usinikasirikie." Nikamwambia sijakasirika, mama. Na kweli sikuwa.

Nguzo zililetwa Jumanne. Nilienda kushika kamba ya kupimia kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Pesa zimetosha pande tatu. Upande wa nne, ule unaotazama kijito cha msimu na boma la yule mzee, hakuna waya bado. Mweka hazina anasema Aprili, kama michango itaingia. Kinyesi cha pundamilia kilikuwa kibichi asubuhi hiyo, ndani ya kamba.